Nadharia haipandi cheo ikawa kanuni

Nafundisha walimu watarajiwa wa fizikia, na kila kundi jipya nalitupia swali hili: nadharia na kanuni zina tofauti gani? Jibu ni lile lile miaka nenda, miaka rudi. Eti nadharia ikithibitishwa sana hupanda cheo, inakuwa kanuni. Wanalisema bila kupepesa macho.

Basi tunamchukua mwanasayansi Robert Boyle. Kanuni yake ya 1662 inasema gesi inafanya nini: ukiibana bila kubadili halijoto, kanieneo hupanda kadiri ujazo unavyopungua. Nadharia ya mwendo wa chembe inasema kwa nini: chembe zinagonga kuta za chombo mara nyingi zaidi. Nadharia hiyo ilikuja kukomaa karne ya 19. Kanuni ilitangulia! Hapo darasa hunyamaza kidogo.

Wengine hudhani maabara itafundisha mambo haya yenyewe. Haifundishi. Sahihisha ripoti za pendulamu uone: nukta zote zimelala juu ya mstari kama zimepangwa kwa rula, na karatasi imechubuka pale raba ilipopita. Mwanafunzi amepika data kwa sababu anajua mwalimu anataka 9.8, namba ya kitabuni ya mchapuko wa mvutano wa Dunia. Alichojifunza ni kwamba jibu liko kitabuni, na jaribio ni kulisindikiza tu. Norman Lederman na wenzake, watafiti wa elimu ya sayansi, walisisitiza kwamba hulka ya sayansi, yaani jinsi sayansi inavyofanya kazi, lazima izungumzwe waziwazi darasani, na kwa hili niko nao.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la Le Verrier, mwanaastronomia Mfaransa. Uranusi ilipotoka kidogo kwenye njia iliyotarajiwa, alipiga hesabu akasema kuna sayari nyingine inayoivuta. Mwaka 1846 Neptuni ikaonekana, kwa tofauti isiyofika nyuzi 1 na pale alipotabiri. Sayari ya Zebaki nayo ilikuwa na kasoro katika njia yake, akatumia mbinu ile ile: 1859 akatangaza sayari iliyojificha karibu na Jua, ikaitwa Vulcan. Watu wakaitafuta kwa darubini miaka na miaka, wapi. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba kilichohitaji kubadilishwa ni nadharia ya mvutano yenyewe.

Sasa nawauliza: mwaka 1859, ungejuaje kwamba safari hii anakosea? Mabishano huwaka, na hakosi mmoja wa kusema, “Kumbe sayansi ni kubahatisha.” Huyo namwonyesha ukubwa wa kasoro ya Zebaki: kama sekunde 43 za pembe kwa karne nzima, na sekunde moja ya pembe ni sehemu moja tu ya 3600 za nyuzi 1. Wanaastronomia hawakuipitishia raba.