Kikwembe cha Mbabula

Binti wa dada yangu, yule aliyezaliwa kulekule Marekani, aliniuliza kwenye simu wiki iliyopita ni nani anayemtazama kutoka kwenye blanketi yake. Nilidhani ni ndoto za watoto. Akageuza simu, akaisogeza karibu na kona ya kitanda, nami nikaliona: jicho moja la binadamu pamoja na nusu ya miwani, limebanwa katika ukanda wa sentimita 3, kati ya maua ya manjano na mistari ya buluu. Nilimwambia kwamba huyo ni askofu. Jibu hilo lilimtosha yeye kuliko lilivyonitosha mimi, kwa maana katika mchoro wangu jicho lile halipo.

Mnaomfahamu Mama Mkubwa hamtashangaa kusikia kwamba habari yote iliamuliwa naye. Mama alikuwa amekwisha zikwa, kilio kimemalizika, viti vya kukodi vimerudishwa, na sanduku lake la chuma likabaki katikati ya sebule yetu ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi katika Kongo, vikwembe vyake, yaani vitenge, vimo ndani, wala hakukuwa na mtu aliyethubutu kulifungua peke yake au aliyekubali mwingine alifungue. Ndipo dada alipopiga simu kutoka Marekani. Hakuomba kikwembe kizima. Aliomba kipande cha kila kimoja, na akatuma picha ya blanketi ya viraka ambayo wanawake wa kanisa la mji wao walimpa katika majira yake ya kwanza ya baridi. Alitaka ya namna hiyo, kwa nguo za mama. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta, na kazi yangu ni kupanga kadi za harusi na kalenda katika duka la uchapaji, familia iliona kwamba shughuli hiyo ni yangu, kana kwamba mtu anayejua kupanga majina ya maharusi anajua pia kushona.

Muundo wa blanketi ile ni miongoni mwa miundo inayojulikana zaidi katika ushonaji wa viraka wa Marekani. Wenyewe huuita nyumba ya magogo, na ulienea sana kwao tangu miaka ya 1860. Kila mraba huanza na kiraka kidogo cha katikati, ambacho kwa desturi huwa chekundu na husemwa kuwa ndicho moto wa nyumba. Kisha kanda nyembamba hukizunguka moja baada ya nyingine, kila mpya ikishonwa juu ya ncha ya iliyotangulia, pande mbili kwa nguo zenye rangi nyepesi na pande mbili kwa nguo zenye rangi nzito. Uzuri wote umo katika kugeuza. Miraba ni ileile, lakini ukiigeuza baadhi yake kwa robo ya duara, nuru na giza hubadilishana mahali, na blanketi nzima hutokeza matuta ya shamba yanayokwenda mshazari, au almasi moja kubwa inayopanuka kutoka katikati. Mshonaji asiye na kompyuta huitandaza miraba sakafuni na kuihamisha mpaka magoti yamuume.

Ziko programu zilizotungwa kwa kazi hiyohiyo, kama Electric Quilt, lakini hulipiwa. Mimi nilikuwa na Inkscape, programu ya kuchora ambayo ni ya bure na ambayo hunilisha. Nilivipiga picha vikwembe 20 chini ya mwembe, kivulini, kimoja kimoja juu ya mkeka, nikazigeuza picha hizo kuwa kijazio cha maumbo, yaani kila umbo nililochora likajazwa picha ya nguo. Nilichora miraba minne ya asili, kila mmoja na mpangilio wake wa nguo: kiini cha sentimita 6, kisha mizunguko mitatu ya kanda za sentimita 3, jumla sentimita 24. Kila mmoja nikautolea nakala 20, nikapata safu 10 za miraba 8, yaani blanketi ya sentimita 192 kwa 240. Nakala za aina hiyo hufuata asili yake popote zilipo: ukibadilisha nguo katika mraba wa asili, zote hubadilika papo hapo, bila kuuliza. Viini vyote 80 nilivifunga kwenye kijazio kimoja tu, nyekundu iliyotoka katika kikwembe cha tarehe 8 Machi, siku ya wanawake.

Kompyuta ilinipa pia hesabu iliyonisaidia mbele ya wazee. Mraba mmoja hula karibu mita 2 za ukanda, na ukanda hukatwa sentimita 4.5 ili sentimita 1.5 ziingie katika mishono ya pande mbili. Miraba 80 hula karibu mita 158, ambazo, kwa upana wa kikwembe, ni kama yadi 7 hivi. Ukizigawa kwa vikwembe 20, kila kimoja hupoteza sentimita 31 tu za urefu wake, pamoja na masalio kidogo. Niliwasomea hesabu hiyo nikiwa na fahari. Mama Mkubwa aliuliza kikwembe cha yadi 2 kilichopunguzwa sentimita 31 atakivaa nani, mtoto wa shule?

Alikuja kuuona mchoro Jumapili moja baada ya ibada. Ilikuwa Juni, na wanaoijua Lubumbashi ya Juni wanajua jinsi jua linavyokuwa kali mchana na jinsi baridi inavyoshuka mara tu linapotua. Umeme haukuwapo tangu asubuhi, basi nilikuwa nimeitunza betri kwa ajili yake. Niliweka kompyuta juu ya kigoda uani, yeye akaketi mbele yake na koti la marehemu baba mabegani, akavaa miwani, akanyosha kidole mpaka kikagusa kioo.

«Nani amemkata askofu?»

Alikuwa ameona kweli. Kikwembe cha yubile ya kanisa kina sura ya askofu ndani ya duara, na kanda zangu nyembamba zilikuwa zimempitia kila mahali. Hapa jicho, pale kidevu, mahali pengine nusu ya kofia yake pamoja na herufi mbili za jina la parokia. Nilimwonyesha kwamba si neno. Ndani ya programu, picha ya nguo inaweza kusogezwa huku umbo likibaki mahali pake, basi nikamsogeza askofu kulia, kisha juu, mpaka katika kanda zote yakabaki majani tu ya pambo la pembeni. Mama Mkubwa alitikisa kichwa.

«Kumbe hata askofu husogezwa.»

Kuanzia hapo akapata nguvu ya kuamuru. Kikwembe cha ndege anayeruka kutoka katika tundu lililo wazi kilihamishwa, kwa sababu mama alikinunua mwaka ambao yeye na baba walilala vyumba mbalimbali, na hakikustahili kugusana na kile cha mahari. Nilipogeuza mraba mmoja kama katika kioo cha kujitazamia, aliuliza kama fundi ataweza kufanya hivyo. Nikamjibu kwamba wax halisi, yaani kitenge cha kuchapwa kwa nta, ina rangi pande zote mbili, basi kugeuza ni kulaza tu upande wa pili juu. Alikubali, lakini akanikumbusha kwamba vitatu kati ya vile 20 vilikuwa vya bei nafuu, vya kuchapwa upande mmoja, na kwamba mama hakupenda watu wavitambue. Nilijaribu kumpendekezea msalaba wa shaba katikati ya blanketi, ule wa kale wa Katanga ulio makumbusho, nikidhani kwamba kwa njia hiyo mtoto wa Marekani atajua anatoka wapi. Alikataa bila kufikiri. Misalaba ile, alisema, ilikuwa fedha na mahari. Mtu halali juu ya fedha.

Ndipo kidole kilipofika katikati ya mraba.

«Na hapa pekundu ni nini?»

Nilimweleza: ndio moto wa nyumba, na kwa desturi ya wenyewe huwa mwekundu.

«Moto wa nani?»

«Wa nyumba, Mama Mkubwa.»

«Nyumba hii?»

Hakungoja jibu. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kikwembe ambacho sikukipiga picha kwa sababu hakikuwa sandukuni. Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama alikuwa akikifunga juu ya nguo zake nyingine kila alipochuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, na sote tulimfahamu zaidi ndani ya kikwembe hicho kuliko ndani ya vile vya sandukuni, ambavyo vilikuwa vya harusi za watu. Zamani kilikuwa na majani ya kijani. Sasa majani hayo yalionekana kwenye pindo tu. Kwingine kote kilikuwa na rangi ya chai iliyomwagika, na cheche za makala zilikuwa zimekitoboa mbele, kwenye mapaja. Alikitandaza juu ya kompyuta yenyewe, akafunika herufi zote.

«Kiingize hiki.»

Giza lilikuwa linaingia. Alishika simu yake na kunimulikia kwa tochi nami nikapiga picha, na picha ikatoka na kivuli cha mkono wake upande mmoja, kivuli ambacho hakijaondoka katika faili mpaka leo. Nikaiingiza. Nikachagua kijazio cha kiini, nikabadilisha. Kwa kufumba na kufumbua nyekundu ikatoweka mahali 80 kwa pamoja.

Sijawahi kuona mchoro ukianguka namna ile. Blanketi iliyokuwa ikiwaka ikawa imepigwa madoa, na almasi yangu kubwa, ambayo nilikuwa nimeigeuza na kuipanga kwa subira, ikaonekana imepakwa vumbi katika kila kiungo. Nilimpa sababu zangu zote. Nilisema kwamba dada aliomba nguo nzuri. Kwamba wanawake wa kule watadhani tumewatumia uchafu. Kwamba kitambaa kilichochoka hukatika kwenye mshono kabla ya vingine, na blanketi itaanza kutoboka katikati ya kila mraba. Sababu hiyo ya mwisho ilikuwa ya kweli kabisa. Yeye hakujibu hata moja. Aliisogelea kompyuta, akarudi nyuma, akaondoa miwani na kuivaa tena, nami nilikuwa nikitazama namba ya betri pembeni mwa kioo, iliyokuwa ikishuka.

«Sasa ninaijua,» alisema. «Zima, utamaliza moto.»

Usiku ule nilihifadhi faili mbili, moja ya nyekundu na moja ya mbabula, nikamtumia dada zote mbili bila kumwambia ipi ni ya nani. Alijibu kwa maneno matatu: muulize Mama Mkubwa.

Mengine yalikwenda kwa haraka. Fundi wetu wa soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa Lubumbashi, alizoea mshono mpana, ilhali muundo huu unadai mshono wa milimita 7 na nusu bila kuyumba. Ukiongeza milimita 1 tu katika kila mshono, mraba hupungua milimita 12, na kufika mwisho wa safu umepoteza karibu sentimita 10. Alibandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye bamba la cherehani kama mpaka, akashona akiufuata. Viini vya mbabula alivipigia pasi kitambaa cha gundi kwa nyuma ili visikatike. Kwa ndani tuliweka blanketi nyepesi ya sokoni, kwa chini shuka nyeupe. Nilimpa jedwali la urefu wa kila ukanda na ukurasa wa rangi unaoonyesha kila nguo inakwenda wapi, lakini ukurasa huo haukuweza kumwambia kwamba ndani ya nguo moja askofu alikuwa amesogezwa. Alivikata vikwembe vilivyo, kutoka ncha moja, na katika ncha hiyo ya kikwembe cha yubile kulikuwa na uso.

Blanketi ilisafiri na mtu wa familia. Kisha yakaanza ya hapa. Dada wa Likasi anataka ya kwake, dada wa Kolwezi anataka ya kwake, Mama Mdogo pia, na Mama Mkubwa, ambaye alitangaza kwamba yeye hahitaji, sasa anahitaji. Kwa upande wa kanda hakuna shida yoyote: vikwembe vile 20, ijapokuwa vimefupishwa, vinatosha blanketi nne nyingine. Shida ni kikwembe cha mlango wa jikoni. Ukitoa matundu ya cheche, na ile sehemu ya kiunoni iliyolika mpaka vidole huonekana kwa nyuma, kilichobaki kinatoa viini visivyozidi 50, wala hakuna duka linalokiuza. Nilipendekeza tuvigawe, kila blanketi ipate viini kumi na viwili vya mbabula na vingine viwe vyekundu, jambo ambalo katika faili ni la dakika moja. Mama Mkubwa alijibu kwamba nyumba haipikiwi katika vyumba kumi na viwili. Mama Mdogo anasema nyekundu haimsumbui, mradi ya kwake ishonwe kwanza. Dada wa Likasi aliniandikia faraghani akiniomba nisiwaambie wengine kimebaki kiasi gani. Wa Kolwezi naye aliniandikia hivyohivyo, akaongeza swali kama ile programu inayotoa nakala 20 kwa mbonyezo mmoja haiwezi kujaribu kwa kitambaa.

Mkutano wa familia umewekwa mwezi wa saba, na Mama Mkubwa ameagiza nije na betri iliyojaa.