Mondlane kabla ya kile kifurushi

Kila ifikapo tarehe 3 Februari, wenzetu wa Msumbiji huadhimisha Siku ya Mashujaa, na sisi wakazi wa Dar es Salaam tuna sababu ya pekee ya kuungana nao, kwa kuwa shujaa wao mkuu alifia hapa kwetu. Asubuhi ya siku hiyo, mwaka 1969, Dkt. Eduardo Mondlane alipita ofisi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji alichokiongoza, Mtaa wa Nkrumah, akachukua barua na vifurushi vyake, kisha akaenda Oysterbay, kwenye nyumba ya rafiki wa familia iliyo karibu na bahari, ambako alipenda kufanyia kazi kwa utulivu. Kifurushi kimoja kilikuwa na kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani lililipuka na kumuua.

Wengi wetu tunamjua kwa kifo hicho tu, na jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu aliyoyafanya kabla yake ni mazito zaidi.

Alizaliwa mwaka 1920 huko Manjacaze, mkoani Gaza, akachunga mifugo utotoni kabla ya kuingia shule ya misheni. Mwaka 1949, serikali ya makaburu ikiwa bado mpya madarakani, alifukuzwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Akasoma kidogo Lisbon, kisha akavuka kwenda Marekani, ambako alipata shahada ya uzamivu, akaajiriwa Umoja wa Mataifa na baadaye akafundisha chuo kikuu huko Syracuse. Angeweza kuzeekea huko kwa raha zake. Lakini nyumbani wakulima walikuwa wamelazimishwa kwa miaka mingi kulima pamba na kuiuza kwa bei aliyoipanga mkoloni, na mwezi Juni 1960, huko Mueda, askari wa Kireno walikuwa wamewamiminia risasi wananchi waliokusanyika kudai haki zao. Tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vilipoungana hapa Dar es Salaam na kuunda FRELIMO, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais.

Vita vilianza Septemba 1964, lakini kinachonigusa zaidi ni shule. Pamoja na mkewe Janet, Mmarekani mweupe aliyeiongoza Taasisi ya Msumbiji jijini humu, alitaka vijana waliovuka Mto Ruvuma wapate elimu ya sekondari, kisha warudi kuwahudumia wananchi katika maeneo yaliyokombolewa. Si wote waliokubali. Wapo waliotarajia kupelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu, na wapo waliouliza kwa nini chama kinachopigana na Wareno kiwe na walimu weupe. Mwaka 1968 mgogoro ukawaka, vurugu zikatokea, na shule ikafungwa. Mondlane hakuyumba: adui, alisema tena na tena, ni mfumo wa kikoloni, si rangi ya mtu. Kulishikilia neno hilo wakati ndege za Wareno zinadondosha mabomu vijijini, na wakati mke wako mwenyewe ananyooshewa kidole kwa weupe wake, kulihitaji moyo ambao sidhani kama ningekuwa nao.

Mgogoro wa pili ulihusu biashara. Lazaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wa chama mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, alilaumiwa kwa kujinufaisha na biashara katika maeneo yaliyokombolewa, na swali likawa zito: je, wananchi wametoa damu yao ili mnyonyaji mweusi akalie kiti cha mnyonyaji mweupe? Julai 1968, Mkutano Mkuu wa pili ulifanyika ndani ya Msumbiji yenyewe, msituni huko Niassa, na Mondlane akachaguliwa tena. Miezi saba baadaye alikuwa amekufa, na muda mfupi baada ya kifo chake Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno.

Samora Machel alichukua uongozi mwaka 1970, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu muungano ule wa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, chuo kikuu ambacho Wareno walikuwa wamekijenga Lourenço Marques (Maputo ya leo), na ambacho wanafunzi wake karibu wote walikuwa watoto wa walowezi, kilipewa jina la yule kijana wa Manjacaze aliyefukuzwa Witwatersrand.