Dona Nayo Hupandisha Sukari: Nilivyojifunza Kukipima Chakula Changu

Nilipoambiwa kliniki kwamba nina kisukari cha aina ya pili, sukari yangu ya damu ikiwa 13.4 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla sijatia chochote kinywani, ushauri ulinifuata hadi nyumbani Tabata, na karibu wote ulihusu chakula. Acha sembe, kula dona. Acha sukari, tumia asali. Wali ni hatari, lakini magimbi hayana neno. Waliosema hivyo ni watu wanaonipenda, ila hakuna hata mmoja aliyenitajia kiasi, na jambo hilo linanikera hadi leo.

Dona niliishika kwa imani. Nilinunua mahindi mazuri Kariakoo, nikayapeleka mashineni yasagwe bila kukobolewa, nikawa nakula bonge la ugali lenye ukubwa uleule wa sembe niliyoizoea, na mboga kidogo ya kutowelea. Kila asubuhi nilipima nikakuta 9 au 10, na wifi yangu akanituliza: “Vumilia, wifi, dona haina sukari hata chembe.” Niliendelea kuvumilia mpaka muuguzi mmoja aliponiuliza kwa nini napima asubuhi peke yake, ilhali ninachotaka kukijua ni chakula. Akanielekeza nipime kabla ya kula, kisha nihesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, nipime tena. Mchana wa kesho yake nilianza na 7.9. Saa mbili baada ya ule ugali wa dona, mashine ya kupimia sukari iliandika 15.2.

Nilinawa mikono upya kwa sabuni, nikajitoboa kidole kingine, nikapata 15 kasoro kidogo. Ni kweli kwamba dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, na kwa hilo ni bora kuliko sembe, lakini sehemu yake kubwa ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni huingia kwenye damu kama sukari.

Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kubishana na mtu. Kila chakula nilichosifiwa nilikipa mtihani uleule, huku nikijua kwamba daktari wangu anataka niwe kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye. Asali ilipandisha kama sukari ya dukani. Magimbi niliyoambiwa hayana neno yalinifikisha 13, na chapati mbili na chai ya rangi isiyo na sukari hazikuwa mbali na hapo. Maharage na dagaa vilinitendea wema. Boksi la stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, lilikuwa likila shilingi elfu thelathini na ushei, na kwa mashine nyingine zaidi, kwa hiyo nilikuwa napima mlo mmoja tu kwa siku, leo wa asubuhi, kesho wa mchana. Anayetaka kununua mashine aulize kwanza bei ya stripu zake na kama zinapatikana duka la dawa la karibu, kwa maana mashine yenyewe hununuliwa mara moja.

Ninachojivunia zaidi ni mpangilio wa sahani. Nusu yake ni matembele, mchicha au bamia, robo ni samaki au maharage, na robo iliyobaki ni ugali usiozidi ngumi yangu. Mboga na samaki naanza navyo, ugali unakuja mwisho. Nilipoula ugali wa kiasi hichohicho kwanza, nilipata 10.8, nilipouweka mwisho, siku nyingine, nikapata 8.6. Nikitembea kwa miguu hadi kituo cha daladala na kurudi mara baada ya kula, namba hushuka zaidi.

Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, na lisikae jikoni. Kidole nacho kitobolewe pembeni, si katikati, maana pembeni hapaumi sana. Tena usipime ukitoka kumenya embe kabla ya kunawa, kwa sababu sukari ya tunda iliyobaki kidoleni husomwa kama ya damu.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kilikuwa asilimia 10.2 nilipoanza, cha mwisho kimesoma 6.9, na metformin, dawa yangu ya kisukari, naendelea kunywa kama nilivyoandikiwa. Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi wasipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari, kwani sukari yao inaweza kushuka chini ya 4, wakaanza kutetemeka na kutoka jasho. Hilo likitokea, wanywe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, wasubiri dakika 15, wapime tena.