Kusi limeshaingia jamani
Leo tumetoka Nungwi na mashua kurudi kusini Mkokotoni, upepo huo wa kutoka kusini wote usoni, nahodha anapiga bisho tu, yani kukata upepo kwa mshazari huku na huku, mpaka nguo zote chapachapa. Kwa wasiojua, miezi hii ya kusi bara la Asia linapata joto kali, hewa ya kule inapanda juu, ya huku baharini inavutwa kwenda kujaza, ikishavuka ikweta mzunguko wa dunia unaipinda kuelekea India. Desemba mambo yanageuka, upepo unatoka kaskazini, kaskazi hiyo. Ila kinachonimaliza mimi ni mkondo wa bahari wa Somalia, yani maji yote yale yanageuza njia kufuata upepo! Mkondo wa kwetu huku hauna habari, mwaka mzima unaenda kaskazini tu, kaskazi ikivuma unapunguza spidi basi.