Kutembea ndani ya chumba kisichokuwepo: kumbukumbu ya mradi wangu

Jioni ya kwanza

Ninachotaka ni kuvaa hedifoni, kufumba macho, kutembea, na masikio yangu yakubali kuwa nimo chumbani. Mvumo wa bandia, yaani mwangwi wa chumba unaotengenezwa na kompyuta, wa kusikilizwa ukiwa umekaa nimeshautengeneza na unapendeza. Tatizo ni kwamba ukipiga hatua, chumba kinakufuata kama kofia.

Chumba cha majaribio ni sanduku tupu: urefu mita 6, upana 4, kimo 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 72, na nyuso zake sita zina jumla ya mita za mraba 108. Nimeziwekea kiwango cha kunyonya sauti cha 0.15, na kwa kanuni ya mwanafizikia Wallace Sabine mvumo utachukua kama sekunde 0.72 kushuka desibeli 60. Nimeanza na sanduku kwa sababu hesabu yake naweza kuikagua kwa kalamu.

Wiki ya pili

Jaribio la kwanza nimelitupa. Nilikokotoa mapema jinsi chumba kinavyoitikia katika nukta zilizoachana sentimita 50, kisha msikilizaji anapopita, programu inafifisha nukta moja na kuinua inayofuata. Hakuna mikwaruzo, prosesa haichoki, lakini hakuna hata chembe ya kutembea. Ni kama kuchukuliwa na kuwekwa, kuchukuliwa na kuwekwa. Sijui kwa nini inasikika mfu hivi, nami sipendi kuacha jambo bila kulijua. Naliandika hapa ili nilirudie.

Wiki ya tatu

Nimehamia kwenye mbinu ya vyanzo taswira, ile ambayo Allen na Berkley waliieleza mwaka 1979. Wazo lake ni jepesi: chukulia kila ukuta kuwa kioo. Sauti iliyogonga ukuta mara moja ni kana kwamba imetoka kwa chanzo kingine kilichosimama nyuma ya ukuta huo, umbali uleule. Kwa sanduku, ukihesabu sauti zilizogonga kuta hadi mara tatu unapata vyanzo 63 pamoja na kile halisi. Kila kimoja kina umbali wake, na umbali ndio unaoamua kitachelewa kiasi gani na kitafifia kiasi gani. Msikilizaji akisogea, umbali zote 63 zinabadilika kwa pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Hapo ndipo nilipoona matumaini.

Kisha nikasikia mngurumo, kama nyuki ndani ya kopo. Nilipokaa na hesabu, sababu ikajitokeza. Programu inachakata sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti vinavyofuatana) 256, na kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hayo ni mafungu 187 na nusu kila sekunde. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sampuli moja ni kama milimita 7 za hewa. Mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde husogea milimita 7.5 ndani ya fungu moja. Kumbe kila fungu lilipoanza, ucheleweshaji uliruka kwa sampuli nzima, mara 187 kwa sekunde.

Dawa ni kuuacha ucheleweshaji uteleze polepole ndani ya fungu, hata kwa sehemu ya sampuli. Nilianza kwa kukadiria kwa mstari mnyoofu kati ya sampuli mbili. Mngurumo ulipungua, ila sauti kali zilibaki na ukwaruzo. Wastani wa sampuli mbili huchuja: nukta inapoangukia katikati kabisa, masafa ya herzi 12,000 hupoteza desibeli 3, inapoangukia juu ya sampuli yenyewe, hayapotezi kitu. Nikabadili nikatumia nukta nne badala ya mbili. Sasa ni safi.

Wiki ya nne, Jumanne usiku

Safi, isipokuwa jambo moja. Nikicheza noti ndefu ya herzi 440 huku msikilizaji akitembea kuelekea kwenye spika, noti inapwita: kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Jioni mbili zimekwisha nikiitafuta hitilafu. Nimerefusha utelezi, nimekagua ukadiriaji, hata vichujio vya masikio, vile vinavyoiga jinsi kichwa na masikio hubadilisha sauti kulingana na inakotoka, nimevizima. Bado inapwita.

Alhamisi

Nimenyamazisha vyanzo vyote nikabakiza viwili: spika yenyewe, na taswira yake iliyo nyuma ya ukuta ulio mgongoni mwa msikilizaji. Upwitaji ukawa wazi zaidi. Nikahesabu mapigo 18 kwa sekunde 5.

Basi nikachukua karatasi. Msikilizaji anaisogelea spika, hivyo noti yake inapanda kidogo hadi herzi 441.8. Papo hapo anaikimbia taswira iliyo nyuma, na noti yake inashuka hadi 438.2. Tofauti ni 3.6, na noti mbili zilizokaribiana zikisikika pamoja hupwita kwa tofauti yao, yaani mapigo 3.6 kwa sekunde, 18 kwa sekunde 5.

Nikaweka noti hiyohiyo kwenye spika ya kweli, chumba cha kweli, nikatembea. Inapwita. Nikipunguza mwendo, nayo inapungua. Nikisimama, inasimama pale ilipo, na nikisogeza kichwa kidogo tu inazama au inaibuka. Miaka yote nimepita ndani ya mabonde haya bila kuyasikia! Furaha niliyokuwa nayo usiku huo siwezi kuieleza vizuri: nilikuwa nikijaribu kukifuta chumba chenyewe.

Na lile swali la wiki ya pili limejibika. Kwa herzi 440, bonde na bonde vimeachana sentimita 39. Nukta zangu za kila sentimita 50 ziliyaruka.

Wiki ya sita

Mkia wa mvumo, sehemu inayokuja baada ya sauti kugonga kuta mara za mwanzo, nimeukabidhi kwa laini 16 za ucheleweshaji zinazolishana, yaani kila moja huichelewesha sauti kisha kuipeleka kwa nyingine. Huu haujali sana msikilizaji amesimama wapi, kwa hiyo unakokotolewa mara moja tu. Kosa langu lilikuwa kuumimina moja kwa moja kwenye masikio mawili: kichwa kikigeuka, mkia wote unageuka nacho. Sasa unatoka pande nane zilizofungwa kwenye kuta, na kichwa kinageuka ndani yake. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotegemea.

Vyanzo 63, kila kimoja na vichujio vyake vya sikio la kushoto na la kulia, vilikuwa mzigo. Nimevikusanya vyote kwenye ambisoniki (namna ya kuhifadhi pamoja sauti zinazotoka pande zote) ya daraja la tatu, chaneli 16, ambayo inazungushwa mara moja kichwa kinapogeuka. Kwa sauti ya moja kwa moja mwelekeo umelegea kidogo, kwa hiyo hiyo peke yake nimeirudishia vichujio vyake.

Kinachofuata ni mlango. Vyumba viwili, mvumo tofauti, na msikilizaji amesimama kizingitini. Vioo havitoshi hapo, maana sauti hupinda kwenye ukingo, na sauti nzito hupinda zaidi kuliko nyembamba. Nimeshachora ramani ya chumba cha pili: mita 3 kwa 3, kimo kilekile, na kuta zinazonyonya mara mbili.