Bunduki yangu ya peintiboli ilivyoacha kuvuja hewa

Niliinunua mtumba, ya mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi. Kila nikiifungia mtungi wa hewa, hewa inatoka mtutuni: sssss. Nilibadilisha oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa) ya mtungi, wapi! Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, hata kiputo kimoja hakikutokea. Basi tatizo lilikuwa ndani.

Nikatoa risasi zote za rangi, nikaondoa mtungi, nikamaliza hewa iliyobaki, ndipo nikaifungua. Oringi za bolti, kile kipande cha ndani kinachosukuma risasi, zilionekana nzima kabisa. Ila nilipoivuta moja kidogo kwa vidole, ufa mwembamba kama unywele ukajifungua upande wa ndani. Bila kuivuta usingeuona! Nikaweka mpya ya kipimo kilekile, nikaipaka grisi ya silikoni mpaka ing'ae tu (grisi ya petroli huvimbisha mpira wa aina nyingi). Nikarudisha mtungi. Kimya.