Siku yangu moja: mhudumu wa afya ya jamii, Mikindani, Mombasa

Saa 12 asubuhi. Chai, mahamri, watoto waende shule. Kisha natia daftari na simu ya kazi mkobani.

Saa 3. Natembelea nyumba za upande wa Owino Uhuru: kadi za chanjo, mjamzito mmoja, mzee wa presha. Yote salama.

Saa 4 na nusu. Mama mmoja ananivuta kando. "Dada, mwalimu asema mwanangu ni mzito. Afundishwa leo, kesho hana kitu." Mtoto mwenyewe yuko mlangoni, anachimba udongo kwa kijiti, mara kidole kinywani.

Hapa palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, 2007 hadi 2014. Phyllis Omido aliongoza wakazi kukipinga, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Juu ilikubaliana nayo Desemba 2024. Lakini risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, haiozi. Ikishaingia udongoni, imekaa.

Naketi mkekani na mama. Namweleza kwamba seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na kalsiamu ndiyo inayotoa amri kemikali hizo zitoke. Risasi huikalia kalsiamu nafasi yake, kama abiria aliyekalia kiti cha mwenzake matatuni. Basi kemikali huvuja ovyo pasipo amri, na amri ya kweli inapofika, hutoka haba. Tena upande wa seli inayopokea kuna mlango uitwao NMDA, unaofunguliwa na kemikali iitwayo glutamati mtoto anapojifunza. Risasi huuziba. Somo limeingia masikioni, halikupata pa kushika.

"Kwa hiyo si mjinga?"

"Si mjinga, mama. Wala si mvivu."

Anauliza kama atapona. Simfichi: kilichoharibika aghalabu hakirudi, ila tunaweza kuzuia kisizidi. Apimwe damu; risasi ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Nyumba ipigwe deki, ufagio mkavu unatimua vumbi. Mikono ioshwe kabla ya kula. Dagaa, maharagwe na mboga visikosekane, maana mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu hunyonya risasi zaidi.

Saa 7. Namwandikia rufaa ya hospitali.

Saa 10. Nampigia mwalimu. Namwomba amkalishe mbele, ampe agizo moja moja, na lile neno "mzito" asilitumie tena mbele ya darasa. Amekubali.